Injini Katika Shimo la Ndizi

Nakumbuka asubuhi moja huko Kiringye, umande umeshakauka, mimi nimeinama nageuza mihogo juu ya turubai, nikasikia hodi ya mtu mwenye shida. Hodi ya namna hiyo, mwanangu, unaitambua kabla hujainua kichwa: mtu anabisha, kisha anaingia uani bila kusubiri karibu. Alikuwa Mufariji, kijana wa Runingu, mtoto wa marehemu mwuguzi wa zahanati ya kule. Alikuja na baiskeli ya kuazima, na hiyo baiskeli ndiyo iliyonishtua, kwa sababu Mufariji alikuwa na pikipiki, moto kama tunavyoiita sisi huku.

"Mama Dezire," akaniambia akiwa bado amesimama, "moto balikamata ku bariyeri. Iko ndani ya lupango ya biro, kule Uvira. Banasema haina karatasi, basi haina mwenyewe."

Yaani ilikamatwa kizuizini, imefungwa ndani ya ua wa ofisi. Nikaacha mihogo. Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, kwani ukiisikia habari hii kutoka katikati utaniona nilikuwa mjinga, na ujinga wangu nataka uujue kwa mpangilio.

Baba yake Mufariji sote tulimwita Anfirmie, yaani mwuguzi kwa Kifaransa, kana kwamba hakuzaliwa na jina lingine. Yeye alikuwa Mufuliiru wa Runingu, sisi ni Warundi wa bonde la Ruzizi, na kabla ya vita tulikaa kama majirani wanavyokaa: tunauziana mchele, tunazikana, tunagombania mipaka ya mashamba, kesho yake tunacheka. Alikuwa na pikipiki nyekundu, kuukuu tangu siku aliyoinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama. Ilikuwa inakohoa njia nzima. Watoto wa Kiringye walikuwa wanaisikia ikiwa bado mbali, wanaanza kulia kabla sindano hazijafika.

Mtoto wangu wa kwanza alipokataa kutoka, ni pikipiki hiyo iliyonipeleka Uvira. Anfirmie mbele, mimi katikati, mume wangu Gaspari nyuma akinishikilia nisianguke. Wewe ambaye siku hizi unalalamika barabara ina mashimo, ungeiona ya wakati ule na tumbo la uzazi juu yake ungejua kunyamaza. Bomba la moshi liliniunguza mguu na sikusikia, uchungu wa mtoto ulikuwa umeshika nafasi yote. Tulifika. Dezire akazaliwa akipiga kelele. Tangu siku hiyo Gaspari na Anfirmie wakawa watu wa kutafutana kila Jumapili baada ya misa, hata bila shughuli.

Halafu vita ikaja. Usiniulize ni wale wa upande gani waliofika kwanza, kwa maana walibadilisha majina kila msimu na sisi tulibaki na mabuti yaleyale uani kwetu. Walichokitaka tulikijua. Walitaka mabati, mbuzi, redio, na kuliko vyote walitaka pikipiki. Basi watu wa bonde tukajifunza kazi ambayo hakuna shule inayoifundisha, tukaanza kuzika mali. Mtu anashusha mabati ya nyumba yake, anayazika shambani, anaezeka nyasi. Cherehani inalala chini ya mahindi. Na mwenye pikipiki haiziki nzima, maana shimo la pikipiki nzima linaonekana kama kaburi jipya na askari wanalichimba. Anaifungua vipandevipande, na kila kipande anakipeleka kwa nyumba anayoiamini. Wakipata tairi, wamepata tairi tu. Wakipata injini bila mwili wake, haiwezi kuwabeba kwenda popote.

Ndivyo Anfirmie alivyofanya. Mwili wa pikipiki aliuzika kwenye shamba lake la muhogo. Magurudumu aliyapeleka kwa katekista mmoja. Injini akaileta kwetu, mchana kweupe, juu ya karia ya baiskeli, imevingirishwa katika turubai na kufunikwa sombe, yaani majani ya muhogo, kama mtu anayepelekea wakwe mboga. Alisimama hapo uani jasho likimtoka, akasema, "Gaspari, nakuachia." Gaspari akajibu, "Umeniachia." Basi. Kwetu wakati ule maneno hayo mawili yalitosha, hapakuwa na la kuongeza. Akanywa maji, akarudi kwake.

Gaspari alikuwa na shimo la kuivishia ndizi za pombe, kama nyumba nyingi za kwetu. Unachimba, unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi mbichi, unafunika, unatia moshi kidogo, baada ya muda zinaiva kwa pamoja na unakamua kasiksi. Akalichimba liende chini zaidi. Akaipaka injini mawese kila mahali, akaivingirisha upya, akailaza, akaweka udongo, akaweka majani, na juu yake ndizi. Mimi nilikuwa nikimpitishia majani. Mama mkwe wangu, ambaye nilimwita Mabukwe kama desturi yetu inavyotaka, alikaa mlangoni akichambua maharagwe na kutazama njia.

Wenye bunduki walikuja. Kuna mtu alikuwa amewaambia kwamba moto ya Anfirmie iko Kiringye. Ni nani, sikutaka kujua na hata leo sitaki. Wakamuuliza Gaspari. Akasema, "Minye sijue moto." Wakampiga. Wakauliza tena, akasema hivyohivyo. Wakanigeukia mimi, mtoto yuko mgongoni, nikasema sijawahi kuona moto katika nyumba hii, na mguu wangu wenye kovu la bomba nimeuficha ndani ya kikwembe. Mmoja wao akalifunua shimo. Akakuta ndizi zimeiva. Wakazila palepale, wakajaza nyingine katika makoti yao, wakafika kwenye majani, wakashiba, wakaondoka. Walimwacha Gaspari amelala kwenye vumbi, damu inamtoka sikioni.

Hakupona vizuri. Sikio moja lilikufa, na kifuani kulibaki kitu kilichokuwa kinamkata kila akishika jembe. Masika yaliyofuata tulimzika. Hakuna siku, tangu kipigo kile hadi pumzi ya mwisho, niliyomsikia akitamka neno moto, hata tukiwa wawili kitandani. Kwa kinywa chake, alikufa akiwa hajui. Na Anfirmie naye hakurudi. Alivuka ziwa na wakimbizi, akafia huko kwa homa, yeye aliyetibu homa za bonde zima. Nyumba yake ya Runingu iliungua pamoja na makaratasi yote yaliyokuwemo.

Ilipotulia kidogo, kutulia kwa wakati ule maana yake ni kwamba risasi zilihamia mlimani, Mufariji akarudi peke yake. Sitamsema vibaya, alifanya kama mtu aliyelelewa. Alikuja na dumu la kasiksi na kitambaa kipya cha Mabukwe, akakaa, akalia kilio cha Gaspari kwanza, ndipo akauliza. Tukaifukua injini. Ilitoka inanuka mawese na ndizi zilizooza, lakini ilitoka. Akaukuta na mwili wa pikipiki shambani kwao, akaomba magurudumu kwa katekista, akapeleka vyote kwa fundi mjini. Siku alipopita na ile pikipiki hapo barabarani, ikikohoa vilevile, Mabukwe alitoka nje akasimama mpaka vumbi likatua. Mimi nilibaki jikoni. Nilikuwa nikilia na sikutaka kuonekana.

Mufariji akaanza kuishi kwa pikipiki hiyo. Alibeba dawa za zahanati, magunia ya mchele, wanawake wenye uchungu. Alikuwa na mama yake na wadogo zake wa kulisha, na hapakuwa na chombo kingine. Lakini vita haikuwa imekwisha. Barabarani kila mahali kulikuwa na kizuizi, na kizuizini swali lilikuwa moja: iko wapi karte roze? Ile karatasi ya pinki inayosema chombo hiki ni cha fulani. Hana. Siku nyingi walimwachia kwa kumfahamu. Siku hiyo hawakumwachia.

Sasa umenifikia pale nilipoanzia, na Mufariji amesimama uani kwangu.

Akanieleza alivyoambiwa mjini. Karatasi za zamani zikiungua, si mwisho wa mambo. Polisi wanaandika kwamba zimepotea, mkuu wa kijiji anaandika kwamba anamfahamu mwombaji, na namba iliyochongwa kwenye chuma cha pikipiki inanakiliwa. Hayo alikuwa ameshayapata. Lakini bosi wa ofisi alisema vyuma vya wizi ni vingi mno wakati huu, kwa hiyo anataka mtu mzima aliyeifahamu pikipiki kabla ya vita, aje asimame mbele yake aseme ilikuwa wapi wakati wote huo. Asipokuja mtu kabla ya wiki kwisha, itahesabiwa haina mwenyewe na itapewa jeshi.

"Katekista alinirudishia magurudumu, kisha akakimbia, hata sijue kama iko anaishi," Mufariji akasema. "Baba hayiko. Papa Gaspari hayiko. Kunabakia weye, Mama Dezire."

Nikamwambia hapana.

Nilimwambia bila kufikiri, na nilipofikiri nikaona nilikuwa sahihi. Fikiria na wewe. Niende ofisini, mbele ya wenye magwanda, niseme ile pikipiki mliyoitafuta kwa fimbo ilikuwa kwetu? Niseme kwamba Gaspari alijua? Siku hizo jana ya mtu ilikuwa bado haijapoa. Aliyekuwa porini juzi leo ana kiti ofisini. Nitajuaje kwamba aliyekaa pale si mmoja wa wale waliokula ndizi zetu? Na shemeji yangu, mdogo wake Gaspari, aliyekuwa anapita na kusikia, akatia lake. Alisema watu wa bonde wakati huu wanaangaliana kwa jicho la pembeni, Mrundi akienda kumsemea Mufuliiru, mambo yakiharibika nani atamtetea? Alisema kwa nia njema. Alikuwa ameshazika kaka mmoja.

Mufariji hakunibishia. Alikaa chini sasa, kwenye kinu kilichopinduliwa, akasugua uso wake. Akasema kuna mtu Uvira, komisionere, yaani dalali, anayeuza karatasi za moto nyingine ya aina ileile iliyochomwa huko mjini. Zina namba ya hiyo iliyochomwa. Fundi wa huyo mtu anasugua namba ya zamani kwenye chuma, anagonga mpya kwa nyundo, na mtu ndani ya ofisi anafumba macho. Angeuza shamba la mamake alipie. Hakutaka, lakini angefanya nini?

Na mimi, mwanangu, nilishusha pumzi. Nikamwambia, "Basi fanya vile. Njo nzuri kwa batu wote," yaani ndiyo nzuri kwa watu wote. Nilirudi kwenye mihogo yangu na mikono ikawa myepesi.

Mabukwe alikuwa amekaa mahali pake, mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mkali wa ulimi kwa kuku na mpole kwa watu, na katika miaka yote niliyokaa kwake hakuwahi kunikemea mbele ya mgeni. Kwetu mama mkwe mwenye adabu hafanyi hivyo. Siku hiyo alifanya. Na alinikemea kwa Kiswahili, si kwa Kirundi chetu, ili Mufariji asikie kila neno.

"Mutoto wangu alipigwa juu ya motere gani?" akauliza, yaani kwa ajili ya injini gani. "Ile iko na namba yake, ao ile muntu wa Uvira atagonga na nyundo?"

Nikaendelea kugeuza mihogo.

"Nakuuliza. Bakisugua ile namba, Gaspari alichunga nini? Alikufa juu ya kitu haiko?"

"Mabukwe," nikamjibu, "nikienda kusema tulificha, nitamufanya Gaspari muongo mbele ya bale batu. Alikufa akisema hajue."

Aliuweka ungo chini.

"Minye njo nilimuzala," akasema. "Kama alikuwa muongo ao hapana, minye njo najua, si bale. Weye unafikiri ulimaliza kuchunga. Ulirudisha chuma tu. Anfirmie hakutuachia chuma, alituachia moto yake. Mutoto wake anakuomba useme ni yake, na weye unamutuma kwa mwizi." Kisha akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa kipya ambacho Mufariji alimletea, ambacho yeye mwenyewe hajakivaa hata mara moja, akanitupia mapajani. "Vaa hii. Uende ukiwa muntu."

Niseme nini? Niliona haya mbele ya kijana wa watu. Nilikasirika pia, sitakuficha. Nilimkasirikia Mabukwe njia nzima. Ni rahisi, nilijisemea, yeye abaki mlangoni kwake na maharagwe, mimi ndiye niliyepakiwa kwenye karia ya baiskeli kama gunia, mtoto nimemwacha. Mufariji alikanyaga pedali bila kusema. Kwenye kila kizuizi nilitazama vidole vya miguu yangu. Tulipoliona ziwa upande mmoja na milima upande wa pili, nikajua mji umefika, na nikatamani usifike.

Ofisi ilikuwa nyumba ya kawaida yenye ua mkubwa, na uani pikipiki zilizokamatwa zimefungwa mnyororo mmoja kama wafungwa. Ile nyekundu niliiona mara moja. Nilisimama nikaitazama, hasira yote ya njiani ikaniishia, nikasikia tu huruma, kama vile nimemkuta mtu wa nyumbani kifungoni na hajui kosa lake.

Bosi alikuwa mtu wa miwani, mchovu, si mbaya. Pembeni ya mlango alikaa askari kwenye benchi, bunduki mapajani. Sikumwangalia usoni. Bosi akaniuliza jina, kijiji, kisha akaniuliza moto hii ni ya nani, na naijuaje.

Nikamweleza habari ya uchungu wa Dezire. Nikamwonyesha na mguu wangu, lile kovu la bomba. Akacheka, akavua miwani.

"Mama, Uvira muzima iko na kovu hii. Hata bibi yangu."

Na mimi nikacheka, na kucheka kule ndiko kulikonifungua koo. Nikamwambia yote: turubai, mawese, shimo la ndizi, majani niliyokuwa nikimpitishia mume wangu. Alikuwa amevaa miwani tena, anaandika. Ghafla akaacha. Aliniangalia juu ya miwani, akauliza polepole juu ya wale askari, kama mtu anayejua swali lake lina uzito:

"Basoda bakakuja kuuliza moto. Mulisema nini?"

Pale mlangoni benchi ililia. Yule askari alikuwa amegeuka. Mufariji akanishika mkono wa nguo, nadhani alitaka kuniambia tuondoke, tuache, iende. Nilikiona kitambaa cha Mabukwe kilichonifunika magoti, kipya, mikunjo bado imo. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kuliko siku ya fimbo, kwa sababu siku ya fimbo nilikuwa na Gaspari.

"Tulisema hatujue," nikajibu. "Tulikuwa najua. Bwana yangu alikuwa anajua, balimupiga, akasema hajue, na njo kilimuua. Minye pia nilisema hivyo. Lakini chef, bale batu baliuliza iko wapi. Hakuna hata mumoja aliuliza ni ya nani. Weye njo wa kwanza kuniuliza ni ya nani. Basi nakujibu. Ni ya Anfirmie wa Runingu, na huyu njo mutoto wake."

Askari akasimama, akanijia, nikafumba macho. Nikasikia mguu wa benchi unakwaruza sakafu. Nilipofumbua, benchi yake ilikuwa nyuma yangu. Tangu nilipoingia nilikuwa nimesimama na sikujua.

"Mama, ikala," akaniambia. Akarudi mlangoni, akasimama akitazama nje.

Alikuwa nani, alifanya nini katika vita, kwa nini aliniachia kiti, sijui. Labda alikuwa mtu mwenye mama tu. Nimeshajiuliza mara nyingi na nimeacha.

Bosi akaandika mpaka mwisho. Kisha akauliza jina kamili la mume wangu. Nikamwambia la nini, amekufa. Akasema, "Yeye njo alichunga. Lazima tumuandike." Akaandika kwamba injini ilitunzwa na marehemu Gaspari wa Kiringye kwa ombi la mwenye chombo, na kwamba mjane wake ameshuhudia. Akanisomea kwa sauti, Kifaransa kwanza, halafu Kiswahili. Nilipolisikia jina la Gaspari likisomwa katika ofisi ya serikali, si kama mtu anayetafutwa bali kama mtu aliyefanya jambo, nililia kilio ambacho sikukilia msibani. Nikaweka alama ya kidole huku machozi yanadondokea mezani. Bosi alisogeza karatasi isilowe.

Karte roze ikatoka kwa jina la Mufariji, na plaki, kile kibao cha namba, ikafuata baadaye. Tulirudi Kiringye kwa pikipiki, nimekaa nyuma, na kila kizuizi Mufariji alinyoosha mkono na karatasi kabla hawajauliza. Ile baiskeli ya kuazima tuliifunga nyuma yangu kwa mipira, na tulionekana vichekesho. Sikujali.

Mabukwe alikuwa anasubiri njiani, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Hakuuliza kama moto imetoka, aliiona. Hakuuliza kama nilitishwa. Aliniuliza kitu kimoja, kwa Kirundi sasa, kwa maana ilikuwa yetu sisi wawili.

"Wamemwandika?"

"Wamemwandika," nikamwambia.

Akashika ncha ya kile kitambaa nilichovaa, akajifuta macho nacho, akiwa amesimama palepale katikati ya barabara.

Mabukwe alishafariki, na pikipiki ile nayo ilizeeka ikauzwa vipande kama zinavyoishia zote. Mimi vita nyingine ilinileta hapa Nyamianda, ndipo ninapouza chumvi na sabuni zangu. Vijana wa pikipiki wa mtaa huu wamesikia kwamba mimi mama huyu naweza kusimama ofisini bila kutetemeka, basi kila mwenye chombo kisicho na karatasi ananijia na soda baridi anaomba kidole changu. Soda naipokea, jua la hapa mnalijua. Kidole siwapi. Nawauliza: nani alikuuzia? Nani alikuwepo mlipokabidhiana? Nenda kamlete huyo. Wananiona bibi mwenye roho mbaya. Wanione hivyo. Nikiweka kidole kwa chuma nisichokijua, nitakuwa nimempokonya mwingine chake, na pengine huko aliko kuna mjane wake anayekitafuta.

Hili ndilo nataka ulibebe, mwanangu. Mtu akikuachia kitu chake, usidhani mkono wako umetoka siku unapomrudishia. Bado atakuhitaji siku watu watakapomwambia si chake, na siku hiyo utaogopa, na utakuwa na sababu nzuri za kuogopa, na watakuwepo watu wanaokupenda watakaokuambia kaa nyumbani. Ogopa, hakuna ubaya. Lakini nenda. Ukweli uliouficha ili kumwokoa mwenzako ni haki yake pia usemwe kwa ajili yake, wakati wake ukifika. Na usiwaache waliokufa kwa ajili ya jambo jema wabaki na neno la mwisho la woga midomoni mwao, kama wewe uliyebaki unaweza kuwasemea.

Mungu akulinde barabarani na vizuizini. Akupe majirani wa kuwaambia "nakuachia" na ukalala usingizi. Na siku utakapoitwa kumsemea mwenzako, akutumie mtu wa kukukemea kama nilivyokemewa mimi, na mwingine wa kukusogezea benchi.